Jibu: Julian Bond, mbunge wa Georgia aliyenyimwa kiapo

Mkuu, umeuliza kama kule Marekani kuna mbunge wa bunge la jimbo aliyewahi kushinda uchaguzi halafu wenzake wakamkatalia kiti. Yupo: Julian Bond wa Georgia.

Alichaguliwa 1965 akiwa na miaka 25. Alikuwa msemaji wa SNCC, jumuiya ya vijana waliopigania haki za weusi, na ilipotoa tamko la kupinga vita vya Vietnam, yeye akaliunga mkono waziwazi. Siku ya kuapishwa, Januari 10, 1966, akaambiwa akae pembeni. Wakapiga kura: 184 wakamkataa, 12 tu wakamkubali. Martin Luther King Jr. akaongoza maandamano hadi bungeni kumtetea. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, Bond akashinda tena. Wakamtaka afute kauli, akagoma, wakamfungia mlango tena!

Desemba 5, 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ikasema bunge lilivunja uhuru wake wa kusema. Kwangu hili ndilo kubwa zaidi, maana mbunge akinyamazishwa, walionyamazishwa hasa ni wapiga kura wake.

Januari 1967 akaapa. 1968 jina lake likapendekezwa kwa umakamu wa rais katika mkutano wa Democratic. Akajitoa, kwani katiba inataka miaka 35 naye alikuwa na 28. Alikaa bunge la wawakilishi la jimbo hadi 1975, kisha seneti ya jimbo hadi 1987. Kiti cha Kongresi alikikosa 1986, akashindwa na rafiki yake wa harakati, John Lewis.