Kurekodi maghorofa yanayokaribia kubomolewa: anzeni wakati wapangaji bado wamo

Ndugu mleta uzi, umesema kikundi chenu cha wasanii kimeruhusiwa kuingia kwenye maghorofa ya wapangaji yanayokwenda kubomolewa, mna miezi michache tu, na mnataka kujua mrekodi nini na kama mpokee fedha za kampuni itakayojenga upya. Kazi ya aina hiyo nimeifanya, nikiwa na wachoraji, wapiga picha na fundi wa sauti, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Msingoje watu wahame. Nyumba tupu inavutia, nakubali: rangi inabanduka, mwanga unaingia vizuri, hakuna wa kukuuliza. Ila picha hizo ndizo anazozipenda anayebomoa, maana zinaonyesha mahali palipokwisha kufa. Pruitt-Igoe, mtaa wa maghorofa ya umma ya wapangaji huko St. Louis, Marekani, ilikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11, na wapangaji walianza kuingia mwaka 1954. Leo ukilitaja jina hilo, watu wanakumbuka picha za mwaka 1972, jengo likiporomoka ndani ya vumbi. Miaka yote ya watu kupika, kulea, kugombana na kupatana imefunikwa na sekunde chache za baruti.

Sisi tulianza na futi na penseli, kamera tukaziacha kwenye mikoba. Mtu akikukuta umepiga magoti unapima korido, lazima akuulize kulikoni. Mwonyeshe mchoro, ataanza kukusahihisha: hapa hukaa bibi fulani jioni, mlango ule haufungwi mchana, ngazi zile za nyuma watoto wamekatazwa. Kamera haiyapati hayo. Mchoro unaweza kubeba hata kile kilichoondolewa zamani, na sheria za pale ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Mchoraji Mitch Miller alifanya hivyo kwenye maghorofa ya Red Road mjini Glasgow, Uskoti, ambayo yalikuja kubomolewa: michoro mikubwa ya mkono, mingine ukiitazama ni kama paa limefunuliwa, imejaa maelezo madogomadogo yaliyotokana na kukaa na wenyeji. Itafuteni kabla hamjanunua hata karatasi.

Halafu sauti, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati jengo limeshakuwa kifusi. Kila ngazi na kila korido ina mwangwi wake. Simameni hapo wakati kumetulia, washeni kinasa sauti, pasueni puto, uacheni mwangwi uishe wenyewe. Kwa rekodi hiyo moja, programu ya sauti inaweza baadaye kuichukua sauti yoyote ikaifanya isikike kana kwamba mtu anasemea mlemle kwenye ngazi. Kiacheni pia kinasa sauti kirekodi dakika kadhaa ndani ya kila nyumba bila mtu kusema neno: mabomba, jirani wa juu akitembea, lifti ikisimama. Tulipowasikilizisha watu waliokwisha kuhama, waliitambua lifti yao mara moja, na hapo ndipo mazungumzo marefu yalipoanza. Hifadhini kwa faili za WAV, zinazoibakiza sauti yote; msitumie MP3, ambayo hupunguza sauti ili faili liwe dogo, kwa nakala ya asili.

Vitu vya kugusa vinapatikana kwa karatasi na mkaa: sugueni juu ya vigae, namba za milango, vyuma vya ngazi. Lakini msikwangue wala kutoboa ukuta kabla ya kupata ripoti ya asbesto, yaani nyuzi za madini zilizokuwa zikichanganywa kwenye vifaa vya ujenzi. Majengo mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yana asbesto, Red Road ikiwa mojawapo, na vumbi lake huja kuua mtu miaka mingi baadaye. Hapa sina mjadala.

Kuhusu picha za watu, ombeni ridhaa kwa maandishi, na ieleze kwamba mtu anaweza kubadili mawazo. Mpeni kila mmoja picha yake iliyochapishwa kabla hajahama, tena chukueni anwani au namba atakayokuwa nayo huko aendako. Wakishatawanyika, kuwapata ni kazi kubwa kuliko kazi yenyewe. Mfano ninaoupenda ni wa maghorofa ya wapangaji ya Haggerston, London. Nyumba zilipokuwa zinaachwa, madirisha yalizibwa kwa mbao za rangi ya chungwa, na wapita njia wakaamini hakuna anayeishi pale. Mwaka 2009 wasanii waliokuwa wakazi wa palepale walifunika mbao hizo kwa picha kubwa za nyuso za majirani zao, kazi waliyoiita I Am Here (Niko Hapa). Jengo likaanza kumtazama mpita njia.

Si kila kazi nzuri ndani ya jengo linaloondoka ni kumbukumbu yake. Mwaka 2008 msanii Roger Hiorns alijaza maji ya mrututu, lita 75,000, ndani ya nyumba moja kusini mwa London, kuta zote zikaota fuwele za buluu. Ni kazi ya ajabu, naistahi. Ila haikwambii nani aliishi pale. Chagueni mapema mnataka ipi, maana wapangaji watawauliza, na wana haki ya kupata jibu lililonyooka.

Sasa fedha. Maoni yangu: pokeeni tu kama mkataba unasema kampuni haina mamlaka ya kukagua wala kuondoa chochote, picha na sauti hazitaingia kwenye matangazo ya nyumba mpya, na nakala kamili itakabidhiwa hifadhi ya nyaraka ya umma pamoja na wapangaji wenyewe. Wakikataa hata kimoja, acheni fedha zao, fanyeni kazi ndogo zaidi. Mwaka 2014 waandaaji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola walitangaza kwamba majengo matano ya Red Road yangelipuliwa yakionyeshwa moja kwa moja katika sherehe ya ufunguzi, huku jengo jingine palepale likiwa bado na watu walioomba hifadhi. Maelfu walitia saini kupinga, mpango ukafutwa. Mkiombwa kuipamba siku ya kubomoa, kumbukeni hilo.

Kama wapangaji wenyewe wanataka kuiadhimisha, hapo ni jambo jingine. Chicago, mwaka 2011, msanii Jan Tichy aliweka taa 134 katika nyumba 134 za jengo refu la mwisho la Cabrini-Green, mtaa wa maghorofa ya umma ya wapangaji, zikawa zinawaka na kuzima kwa kufuata sauti za vijana wakisoma mashairi yao, na zikaendelea kuwaka kadiri jengo lilivyokuwa likibomolewa. Maneno yalikuwa ya vijana. Kwenu pia waulizeni wapangaji kwanza, na waulizeni wiki hii, kabla barua za kuhama hazijaanza kugawiwa.