Virutubisho wakati wa matibabu ya saratani: kipi kinasaidia, kipi kinagombana na dawa

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu vidonge, makopo na majani ambayo ndugu wa wagonjwa wanauziwa au kuletewa kwa nia njema. Tumechagua nne. Wanaojibu ni wataalamu wetu wa lishe na wa dawa.

Shikamooni wataalamu. Mama yangu ana saratani ya utumbo mpana na anameza vidonge vya kapesitabini nyumbani. Jirani alituletea multivitamini, na mimi nikamwongezea FEFO ili apate damu. Sasa anaharisha, mdomo una vidonda na viganja vinamuuma. Je, nimwongezee vitamini C na E za kumpa kinga? *Msomaji wa kike, Tanga*

Marahaba, dada. Usiongeze kitu. Simamisha multivitamini na FEFO leo hii, na leo hii piga simu kliniki anakotibiwa. Kama anakwenda chooni mara 4 au zaidi kupita kawaida yake kwa siku, au anaamka usiku kuharisha, asimeze dozi inayofuata ya kapesitabini mpaka daktari aseme. Akipata homa ya nyuzi 38, mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Kapesitabini ikiingia mwilini hugeuka kuwa dawa iitwayo fluorourasili. Foliki asidi, ambayo ni vitamini ya kundi B, huifanya dawa hiyo ing'ang'anie zaidi kwenye seli, za saratani na za mwili mzima pamoja, ndiyo maana madhara yake huwa makali: kuharisha, vidonda vya mdomo, viganja na nyayo kuuma. FEFO ina foliki asidi, na multivitamini nyingi zinayo pia. Mama amekuwa akiipata kutoka sehemu mbili bila ninyi kujua. Madhara hayo huweza kuletwa na kapesitabini peke yake pia, kwa hiyo usijilaumu, lakini daktari lazima aambiwe alikuwa anameza nini, tangu lini na kiasi gani.

Kuhusu vitamini C na E za dozi kubwa, jibu letu ni hapana. Mionzi na baadhi ya dawa za saratani huua seli kwa kuzichoma kwa kemikali kali zinazozalishwa ndani yake. Vidonge vya kuzuia kemikali hizo havichagui seli ya kuilinda. Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi waligawanywa: wengine walipewa vitamini E yuniti 400 kwa siku, wengine kidonge kitupu. Walipofuatiliwa kwa miaka, waliomeza vitamini E ndio waliokufa zaidi. Na Finland mwaka 1994, utafiti wa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulionyesha kuwa waliopewa betakarotini (kirutubisho cha kwenye karoti ambacho mwili hukigeuza vitamini A) miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Karoti na machungwa hazimo kwenye onyo hili. Shida ni dozi ya kidonge.

Multivitamini ya kawaida, isiyozidi mahitaji ya siku moja, mara nyingi haina neno kwa mgonjwa asiyekula vizuri, ila kwa dawa kama ya mama iulizwe kwanza. Zipo pia dawa zinazodai kirutubisho kwa lazima. Anayetibiwa kwa pemetreksedi, dawa nyingine ya saratani, hupewa foliki asidi kuanzia wiki moja kabla na sindano ya vitamini B12 kila baada ya wiki 9, maana bila hizo dawa humuumiza vibaya. Mwanamke anayemeza letrozoli au anastrozoli, vidonge vya saratani ya matiti, hupoteza mifupa taratibu, kwa hiyo kalisiamu na vitamini D huwa sehemu ya mpango wake. Ndiyo sababu hatuwezi kuwapa wagonjwa wote jibu moja. Piga picha ya kila chupa, mbele na nyuma, umwonyeshe mfamasia wa hospitali kabla ya kila mzunguko wa dawa.

Baba ana saratani ya umio, anasubiri mionzi. Anameza vya majimaji tu. Tunanunua kopo la maziwa ya wagonjwa, anakunywa glasi moja asubuhi, lakini bado anakonda na hela inaisha. Kuna kopo lililo bora zaidi? *Msomaji, Moshi*

Kaka, tatizo si aina ya kopo. Kopo la gramu 400 la unga wa aina hiyo kwa kawaida lina karibu kalori 1,700. Mtu wa kilo 50 aliye kwenye matibabu anahitaji kalori 1,250 hadi 1,500 kwa siku, na protini gramu 50 hadi 75. Kama hali kitu kingine, kopo hilo linamtosha siku moja na kidogo. Glasi moja ya asubuhi inampa kama kalori 230. Hicho ni kitafunwa, na anayekitegemea kama mlo atakonda tu.

Yapo makosa mawili ya kopo tunayoyaona kila mara. Wengine huzidisha maji ili lidumu, mgonjwa akanywa maji matamu tu. Wengine huzidisha unga ili apate nguvu haraka, na mchanganyiko mzito huvuta maji tumboni akaharisha. Pima kwa kijiko cha ndani ya kopo, fuata maelezo, na anywe polepole kwa nusu saa.

Nguvu nyingi zaidi kwa bei ndogo mtazipata kwenye uji, mkiupika ipasavyo. Uji wa mgonjwa wa umio kwa kawaida hupikwa mwepesi ili upite, na wepesi huo ni maji. Dawa yake ni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, uache uote kwenye kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3, anika mpaka ukauke kabisa, saga. Ukiona ukungu, tupa wote. Tumia ulezi, mtama ulioota una sumu kwenye machipukizi yake.

Kwa nusu lita, pika vijiko 9 vya chakula vya unga wa ulezi (kama gramu 75) kwa dakika 15 hadi 20 mpaka uwe mzito kabisa. Epua, subiri upoe kiasi cha kuonjeka bila kuungua, ndipo utie kijiko 1 cha chakula cha unga wa kimea na kukoroga. Ndani ya dakika 10 uji mzito utateremka kama maziwa. Ukikitia kimea kwenye uji unaotokota, nguvu yake hufa na uji unabaki mzito. Ukishalainika, uchemshe tena dakika 5 kuua vijidudu, kisha changanya maziwa ya unga vijiko 4 vya chakula, siagi laini ya karanga vijiko 2, mafuta ya kula kijiko 1 na sukari vijiko 2. Pitisha kwenye chujio laini. Mnapata karibu kalori 800 na protini gramu 20. Lita moja kwa siku, pamoja na mayai 2 yaliyochemshwa yakaiva na kusagwa kwenye supu, inamfikisha baba pazuri. Karanga ziwe safi, maana zenye ukungu zina sumukuvu. Akiwa na kisukari, sukari muipange na daktari.

Mpeni mililita 150 hadi 200 kila baada ya saa 2, akiwa ameketi wima, na asilale kwa nusu saa. Uji uliokaa mezani zaidi ya saa 2 usimpe.

Tahadhari moja kubwa: kama amekaa siku 5 au zaidi bila kula cha maana, msimjaze ghafla. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa mara moja huvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu, na moyo unaweza kushindwa. Aanze na chini ya nusu ya kiasi tulichotaja, apande kwa siku kadhaa, chini ya uangalizi wa hospitali pamoja na vitamini B1 na vipimo vya damu.

Mpimeni uzito kila wiki, mzani uleule, asubuhi. Aliyekuwa na kilo 60 akipoteza 3 ndani ya miezi sita, hiyo tayari ni dalili ya hatari. Msisubiri kliniki ijayo. Ulizeni mapema kuhusu mpira wa kulishia, kabla hata maji hayajashindikana. Mpira ukiwekwa, upitishiwe mililita 30 za maji safi ya vuguvugu kabla na baada ya kila mlo. Dawa zipite peke yake, na msisage kidonge chochote kabla ya kumuuliza mfamasia. Ukiziba, jaribuni maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano, mkisukuma na kuvuta taratibu. Msiingize waya, na msitie soda, kwani asidi yake hugandisha maziwa humo ndani. Mpira wa puani ukitoka hata kidogo, acheni kulisha na mrudi hospitali.

Mke wangu yuko kwenye dripu za saratani ya matiti. Ndugu wanamletea mlonge, habasoda na chai ya majani ya stafeli. Zina madhara? *Msomaji, Kilwa*

Mlonge wa mboga, umepikwa ukaiva, ni chakula kizuri. Vidonge vya mlonge na unga wa kunywa kila siku ni jambo jingine, kwani maabara imeonyesha unaweza kugusa vimeng'enya vya ini vinavyosafisha dawa mwilini. Habasoda ya kuonjesha mkate haina tatizo. Mafuta yake kwa vijiko yanaweza kushusha sukari na presha ya mtu ambaye tayari anakula kidogo. Majani ya stafeli tunayakataa moja kwa moja. Katika kisiwa cha Guadeloupe, unywaji wa chai yake kwa muda mrefu umehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Na hakuna utafiti wa binadamu unaothibitisha kuwa inatibu saratani.

Akipangiwa upasuaji, vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi, mafuta ya samaki na vitamini E vitajwe kwa daktari mapema. Mara nyingi husimamishwa wiki 2 kabla, kwa hofu ya damu kutoganda vizuri.

Nywele zimenyonyoka, nimeanza biotini miligramu 10. Kuna ubaya? *Msomaji, Dodoma*

Biotini ni vitamini ya kundi B, na mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 30 kwa siku. Wewe unameza zaidi ya mara 300 yake. Nywele hunyonyoka kwa sababu dawa inapiga mizizi inayokua, na biotini haizuii hilo. Ubaya wake uko maabara: dozi kubwa huharibu majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya homoni na vya moyo. Acha kumeza, na siku ya kipimo mwambie anayekutoa damu tarehe uliyomeza mara ya mwisho.