Barua kwa mwanangu: Magofu ya Ugiriki kwa mfuko mdogo

Mwanangu,

Marahaba. Huku Tanga hatujambo, ila magoti ya baba yako ndiyo yanayolalamika mvua ikinyesha. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikimsomea yeye. Maswali yako ni mawili, na yote umeyafunika kwa utani: kama ni kweli tulizunguka Ugiriki siku kumi na mbili bila kukopa, na kama ilifaa kitu. Mume wako anasema kama shida ni magofu, Kilwa ipo na nauli yake ni ya basi.

Kuhusu Kilwa hajakosea. Lakini mmejiwekea akiba miaka miwili, na hukuniuliza habari za Kilwa.

Nianze na panapouma, viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya. Sisi tuliombea kwa Wajerumani kwa sababu kaka yako alitualika Hamburg na siku zetu nyingi zilikuwa kwake. Nyinyi mnaokwenda Ugiriki moja kwa moja mtaombea kwa Wagiriki. Ada sasa ni euro 90 kwa kila mtu mzima, hairudi hata mkinyimwa, na lazima muwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hapo hakuna ujanja. Ujanja unaanza mkishafika.

Tulikwenda Novemba 2023, wakati watalii wamekwisha kurudi kwao. Vyumba vilikuwa rahisi, na tiketi za magofu mengi zilikuwa nusu bei. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia Novemba mpaka Machi, magofu ya serikali huingiwa bure, kwa hiyo kaka yako alitupangia tufike Athens Ijumaa ili Jumapili ya tarehe 5 tupande Acropolis, kilima cha mahekalu ya kale, bila kulipa. Tangu 2025 ile nusu bei ya msimu wa baridi imefutwa, na Acropolis ni euro 30 kwa kichwa, kiangazi na baridi. Kwenu nyinyi wawili hiyo ni euro 60 kwa asubuhi moja. Basi hesabuni Jumapili yenu vizuri kabla hamjanunua tiketi ya ndege. Ubaya wa Novemba ni kwamba malango hufungwa mapema, kwingine saa tisa na nusu alasiri. Anayeamka saa nne hana lake.

Tulijiwekea euro 70 kwa siku, za wawili, chumba kikiwa humo humo. Nilizishika mimi. Baba yako alikuwa akiomba za kahawa kama mtoto wa shule, na nilimpa.

Chakula hakikutusumbua. Asubuhi mtaani wanauza koulouri, mkate wa duara uliojaa ufuta. Baba yako alipouuma mara ya kwanza alisema, "Hawa wameonja mkate wa ufuta wa kwetu." Kuna mikate ya mchicha na jibini, kuna maharage meupe makubwa yaliyopikwa na nyanya, na mimi nilinunua zeituni na matunda sokoni tukala barazani mwa watu. Maji ya bomba ya Athens yananyweka. Ila jifunzeni neno moja kabla hamjaondoka: kotopoulo, yaani kuku. Ile nyama inayozungushwa kwenye mshikaki mkubwa mara nyingi ni nguruwe, na muuzaji hatakuuliza dini yako.

Neno jingine baba yako alikwenda nalo. Unajua babu yako alikata mkonge kwenye shamba la Mgiriki, enzi zile Wagiriki walipokuwa na mashamba mengi huku kwetu. Baba yako alikua akimsikia tajiri akimwita mbwa wake "Ela! Ela!" na miaka sitini akaamini Ela ni jina la mbwa. Siku ya kwanza Athens, kondakta wa basi akatupungia mkono: "Ela, ela!" Alisimama pale akacheka mpaka machozi. Kumbe maana yake ni njoo.

Sasa Acropolis. Wewe utaitazama kama picha, lakini nenda na jicho la baba yako, fundi mwashi. Hekalu lenyewe, Parthenon, lilianza kujengwa 447 KK. Mimi niliona nguzo. Yeye alichutama pembeni ya ngazi, akafumba jicho moja kama anayepima kamba ya ukuta, akaniita. Sakafu haijanyooka! Imevimba katikati, kidogo sana: upande mrefu inapanda kama sentimita 11, upande mfupi 6. Ilifanywa hivyo makusudi, na nguzo nazo zimenenepeshwa tumbo kidogo, ili jengo lisionekane limelegea. Baba yako alisema yeye sentimita 11 angefukuzwa kazi.

Halafu akaenda kwenye viungo. Mawe yale hayana chokaa wala udongo katikati. Yamebanwa kwa vyuma vilivyozungushiwa risasi iliyoyeyushwa ili visiliwe na kutu. Mafundi waliokarabati mwanzoni mwa karne ya 20 waliweka vyuma vyao bila kinga hiyo, kutu ikavimba, ikapasua marumaru. Kazi inayoendelea tangu 1975 ni pamoja na kutoa vyuma vile na kuweka vya titani, madini yasiyoshika kutu. Ndiyo maana tulikuta winchi na majukwaa, na mabaka ya marumaru mapya meupe kati ya yale ya zamani. Mkivikuta nanyi, msiudhike kwamba picha imeharibika. Baba yako alitazama winchi kuliko alivyotazama hekalu. Kilichomuuma ni habari ya 1687: Waturuki, watawala wa wakati ule, walikuwa wamehifadhi baruti ndani, kombora la Waveneti, watu wa Venisi ya Italia, likaangukia humo, jengo lililodumu zaidi ya miaka elfu mbili likafumuka.

Kushuka ndiko kulikotutia hasara. Mawe ya kule juu yamesuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa, na baba yako alivaa viatu vyake vya ngozi vya harusini. Alikwenda chini kama gunia. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini jioni ile nilitoa euro 45 za viatu vyenye soli ya mpira, bajeti ikapinda siku ya tatu tu.

Baada ya Athens tulifanya jambo ambalo naona ndilo lililotuokoa. Hatukuhama kila siku. Wengi hutaka Olympia, Delphi, Krete na visiwa vyote kwa wiki moja, pesa yote ikaishia kwenye mabasi na meli. Tulikaa Nafplio usiku nne, mji mdogo wa pwani, zaidi kidogo ya saa mbili kwa basi kutoka Athens, tukawa tunatoka na kurudi. Mwenye nyumba alitupunguzia kwa sababu ya siku nne, na usiku wa pili akatuletea blanketi la tatu bila kuombwa.

Kwenda Mycenae tulishuka kijiji cha Fichti barabarani, tukatembea kama kilomita nne kati ya michungwa na mizeituni. Ni mji wa ngome, mzee kuliko Parthenon kwa miaka 800 hivi. Mawe ya ukuta ni makubwa kiasi kwamba Wagiriki wenyewe wa baadaye walisema yalipangwa na majitu ya jicho moja. Kwetu tungesema majini. Juu ya lango wamesimama simba wawili wa mawe, vichwa vimekatika. Baba yako alinieleza kuwa simba wale hawakuwekwa kwa urembo tu: nafasi ya pembetatu juu ya kizingiti iliachwa ili uzito wa ukuta usikivunje, na lile bamba la simba ni la kuziba nafasi. Nje kidogo kuna kaburi lililojengwa kama mzinga wa nyuki, na kizingiti chake kimoja hukadiriwa tani 120. Tuliingia peke yetu. Nilikohoa, kikohozi kikazunguka juu ya kichwa changu kama kinanitafuta.

Epidaurus ndipo tulipogombana, maana najua hilo pia unalitaka. Zamani ilikuwa mahali pa wagonjwa. Walilala kwenye ukumbi wa mungu wao wa tiba wakingoja aje ndotoni awaambie dawa. Kando yake kuna ukumbi wa maigizo wa wazi, safu 55 za viti vya mawe vilivyopanda mlima. Baba yako alipanda mpaka juu kabisa, magoti na yote. Nikiwa katikati chini nikasema, kwa sauti ya kuongea na nafsi yangu, "Mzee huyu atanifia hapa." Kutoka juu: "Nimesikia!"

Ugomvi ulikuja baadaye. Kaka yako alituandikia kwenye simu, "Basi la kurudi saa 4." Amekaa sana Ulaya, siku hizi saa anazihesabu kizungu. Sisi tukaelewa saa nne usiku. Baba yako alishuku, mimi nikamwambia mwanao si mjinga. Tukakaa kwenye misonobari tukila mkate wetu kwa raha zote, basi likaja saa kumi likaondoka. Giza lilipoingia tukatembea mpaka kijiji cha karibu kutafuta teksi, na teksi ile ilikula chakula chetu cha siku tatu. Njia nzima hakusema neno, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko maneno. Andikeni saa kwa tarakimu zao, 16:00, msitafsiri.

Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki wa kale, tulilala usiku mbili na sitasema mengi, kila kitabu kinapasifu na mlima ule unastahili. Nitakwambia habari ya ukuta mmoja chini ya hekalu la Apollo, mungu wao. Mawe yake yamekatwa pembe pembe yakashikana kama fumbo, na juu yake yamechongwa maandishi mamia kwa herufi ndogo ndogo. Nilidhani ni dua. Mwongozaji wa kundi la wanafunzi aliyekuwa karibu akatueleza: ni hati za watumwa walioachwa huru. Mtumwa "aliuzwa" kwa mungu, bei ikalipwa, na kwa kuwa mungu hana kazi ya kumpa, akawa huru, jina lake likachongwa mahali ambapo hakuna wa kulifuta. Mimi ni mtu wa Pangani, mwanangu, unajua bibi yangu alikuwa mjukuu wa nani. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kutufukuza, na baba yako hakunihimiza.

Hesabu ya mwisho ilikuwa euro 912 kwa siku kumi na mbili, bila ndege na viza. Tulipitisha bajeti kwa euro 72, karibu zote ni viatu na teksi.

Kwa hiyo inawezekana. Mwambie mume wako Kilwa tutakwenda wote mkirudi, baba yako anataka kuzitazama kuba za ule msikiti kwa mara nyingine. Na viatu vile vya soli ya mpira vipo hapa, havijachakaa, amevivaa mara chache tangu turudi. Niambie mwenzio anavaa namba ngapi.

Mama yako