Kwa waongozaji wapya wa Mlima Kenya: mjueni chozi kabla ya kumwita kolibri

Nimewasikia tena waongozaji wapya katika Bonde la Teleki, wakiwa na wageni wao kati ya mimea mirefu ya lobelia, wakimwonyesha ndege wa kijani king'aacho mwenye mkia mrefu na kutangaza kwamba huyo ndiye kolibri wa Afrika. Nawapenda kwa bidii yenu, na ninajua mnataka kumpa furaha mgeni aliyepanda akihema tangu kambi ya Met Station; lakini kosa hili hurudi na kila kundi jipya, na sasa limenichosha. Kolibri ni ndege wadogo wanaonyonya nekta, na wote, aina zaidi ya 300, huishi Amerika tu. Ndege wenu ni chozi mwenye vishungi vyekundu, Nectarinia johnstoni, aliyepewa jina hilo kutokana na Harry Johnston, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1884.

1. Anzeni na ukoo. Kolibri ni jamaa wa teleka, ilhali chozi yuko karibu zaidi na shomoro. Kufanana kwao kumeletwa na kazi ile ile ya kunyonya nekta. Wengi wenu mmekariri kwamba kolibri hula akiwa anaelea hewani na chozi hula akiwa ametua, mkadhani mmemaliza. Sivyo. Kwenye nyanda za juu za milima ya Andes, Amerika Kusini, wako kolibri wa jenasi Oreotrochilus, ambao mara nyingi hushikilia tawi la kichaka cha chuquiraga kwa miguu wanapokula, kwa sababu kuelea katika hewa nyepesi ni kazi ghali. Usiku hulala mapangoni na kwenye magenge, na huweza kuushusha joto mwili wao hadi waonekane kama wamekufa. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Peru kwamba kolibri mwingine wa milimani, Metallura phoebe, joto la mwili wake liliteremka hadi takriban nyuzi 3 za Selsiasi, kisha akapata joto tena na kuruka. Mgeni akiwauliza kuhusu kolibri, mwelezeni hayo, kisha mrudisheni kwa ndege aliye mbele yake.

2. Vishungi na mkia vina kazi tofauti. Matokeo ya majaribio ya watafiti Evans na Hatchwell, yaliyofanywa kwenye mlima huu huu, yalichapishwa mwaka 1992. Dume aliyeongezewa vishungi vyekundu vya kifuani alilinda eneo lenye lobelia nyingi zaidi, kwa hiyo vishungi ni onyo kwa madume wenzake. Mkia mrefu ulimsaidia kupata jike, lakini ulimpunguzia uwezo wa kukamata wadudu angani, na wadudu ni sehemu kubwa ya chakula chake. Jike naye ana vishungi vyekundu, ila hana mkia ule, msimwite kinda.

3. Kiota. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili lingali linaniuma. Zamani, nikiwa mwongozaji mwenye haraka ya kusifiwa, nilimwona jike akiingia mara kwa mara kwenye kichaka kimoja nikawaita wageni waje waone. Kiota kilikuwa kama kifuko cha nyasi kavu, chenye mlango ubavuni, na ndani kilitandikwa sufi nyeupe inayotoka kwenye majani ya senesio, mimea mikubwa ya mlimani. Yai lilikuwa moja. Nililisukuma tawi pembeni ili wapige picha, na kila aliyemaliza alimpisha mwenzake, huku jike akilia kutoka kwenye bua la lobelia lililokuwa karibu. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, nami nikaendelea kueleza. Sikuwa nimejua, au sikuwa nimejali kujua, kwamba dume halalii yai kabisa. Mama anapotoka, yai hubaki na sufi ile peke yake dhidi ya baridi ya zaidi ya mita 4,000. Kesho yake, tulipokuwa tukishuka, nilipita peke yangu. Tawi nililolisukuma halikuwa limerudi mahali pake, mlango wa kiota ulikuwa wazi kwa upepo, na yai lilikuwa baridi kama kokoto. Sikuwaambia wageni. Mpagazi mmoja mzee aliyeniona pale alisema tu, "Mwanangu, ungewapa darubini." Kwa hiyo jike akibeba sufi mdomoni, kaeni mbali na mkae kimya, akiwapigia kelele, mmeshasogea mno.

4. Dume asiye msimu wa kuzaliana hugeuka rangi ya kahawia lakini huubakiza mkia wake mrefu. Chozi mwenye vishungi vya njano ni Nectarinia famosa, ambaye kwa kawaida huishi chini zaidi.

5. Lobelia telekii, ile yenye bua refu la manyoya, maua yake yamefichwa kati ya vijani virefu, na chozi huyafikia akiwa ameshikilia bua, uso ukijaa chavua. Mmea huo hukua kwa miongo kadhaa, huchanua mara moja, kisha hufa. Bua likivunjwa kabla ya mbegu kukomaa, umri wote huo umepotea na dume amepungukiwa malisho. Wageni hupenda kulikumbatia wapigwe picha. Wazuieni kabla hawajanyoosha mikono.