Huyu nguruwe mdogo atabaki mdogo?

SWALI: Shikamoo Bi Daktari. Mimi ni mtu wa Mbinga, nafanya kazi hotelini Nungwi na familia yangu inakaa Bububu. Binti yangu Neema ana miaka 10. Ameona kwenye simu vitoto vya nguruwe vinavyolala kiganjani, na sasa hana neno jengine. Sisi ni Wakristo, kwetu nguruwe ni mfugo wa kawaida, lakini huyu ni wa kupendwa tu, si wa kuliwa. Nimepata muuzaji Dar es Salaam anayesema mbegu yake haizidi kilo 12 hata akiwa mzima, bei 450,000. Ameniagiza nisimpe zaidi ya kikombe kimoja cha uji kwa siku. Tumepanga vyumba viwili, na ua tunachangia na nyumba tatu. Nichague mbegu gani? — Baba Neema

JIBU: Marahaba, baba Neema. Usitume hizo pesa.

Nakwambia mapema kwa sababu ya hicho kikombe cha uji. Mwaka 2009, nikiwa bado kazini, niliitwa kwenye nyumba moja pwani ya mashariki. Mpangaji wake alinunua kitoto cha nguruwe na kupewa masharti yale yale uliyopewa wewe. Nilimkuta mnyama ana umri wa miezi kumi na moja: kichwa kikubwa, mwili mwembamba, mbavu nazihesabu nikiwa mlangoni. Alikuwa anakwangua ukuta kwa meno na kula chokaa. Aliposikia sufuria ikigongwa alilia mpaka akatetemeka. Mwenyewe alikuwa akimpenda kweli, usiku akimfunika khanga, ila aliamini kwamba udogo wa mnyama yule ni mbegu. Ilikuwa njaa. Tulipoanza kumlisha inavyostahili alinenepa, lakini miguu yake haikunyooka tena.

Hakuna nguruwe wa kufugwa anayekuwa mzima wa afya kwa kilo 12. Nguruwe wa kilo 8 wapo duniani, ni wa porini kule Assam, India, wako hatarini kutoweka na si wa kuwekwa uani kwa mtu. Wanaofugwa ambao watu huwaita wadogo ni hawa. Yupo wa Vietnam mwenye tumbo linaloning'inia, aliyepelekwa Canada miaka ya 1980 na kutoka hapo akaingia majumbani mwa Wamarekani. Akikomaa hufika kilo 50, na wengi hupita. Yupo wa Göttingen, aliyetengenezwa na chuo kikuu cha huko Ujerumani miaka ya 1960 kwa ajili ya maabara; yeye huwa kilo 35 hadi 45. Na yupo Kunekune wa New Zealand, mwenye manyoya mengi, ambaye kwa lugha ya Wamaori jina lake maana yake ni mnene wa mviringo. Huyo kilo 100 si ajabu kwake. Wanaitwa wadogo kwa sababu dume la Large White, wale weupe mnaowafuga kwenu, hupita kilo 300. Udogo wao ni wa kulinganisha, baba Neema. Kilo 50 ni mfuko wa saruji, nao una miguu na unataka kuingia jikoni.

Mie katika miaka yangu yote ya kazi sijamtia machoni hata mmoja wa mbegu hizo tatu hapa visiwani. Muuzaji atakwambia, "Njoo umwone mama yake, mdogo huyo hapo." Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wanapopotea. Nguruwe jike wa mbegu hizi hupata joto, yaani huanza kutaka dume, akiwa na miezi minne tu, na mimba yake ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Kwa hiyo anaweza kunyonyesha akiwa hajatimiza hata mwaka, wakati mwili wake unaendelea kukua mpaka miaka mitatu au zaidi. Mama utakayeoneshwa ni mtoto naye.

Ungekuwa na shamba lako lenye uzio, ningekwambia chagua Kunekune. Anakula majani kama mbuzi, hachimbui ardhi sana kama wenzake, na ni mpole kwa watoto. Ungechukua wawili, kwani mmoja peke yake huhuzunika. Dume ungemhasi mapema, maana asiyehasiwa ananuka na hana adabu. Kivuli na dimbwi la tope ni lazima: nguruwe hatoi jasho la kumpoza, na joto letu la kaskazi, mwezi wa pili, linaweza kumwua mchana mmoja.

Kwenye ua wa kuchangia, lakini, sikushauri hata kidogo. Mimi ni Muislamu na nimewatibu nguruwe bila kinyongo, kwani kiumbe mwenye homa ni kiumbe. Lakini majirani zako nawajua. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, nguo au chombo kilichoguswa na mnyama huyu kikiwa na majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mfikirie jirani anayeanua kanzu ya mumewe kwa ajili ya sala ya Alasiri, na nguruwe wa Neema amepita chini ya kamba. Hatokuwa na ubaya na mwanao, na bado urafiki utavunjika. Mnyama huyu huishi miaka 12, 15 na zaidi. Neema atakuwa keshaolewa, mtoto wa watu.

Jambo jengine ni homa ya nguruwe ya Afrika. Imeelezwa tangu 1921 kule Kenya, haina dawa, na inapoingia bandani huua karibu wote. Husafiri ndani ya nyama, kwenye viatu, kwenye mabaki ya chakula cha hotelini, na wewe kazi yako ni hotelini. Mnyama yeyote wa kuvuka bahari usimpandishe boti kabla hujafika ofisi ya mifugo kuuliza kibali.

Sasa Neema. Anachotaka, kwa ninavyomsoma katika barua yako, ni mnyama anayemjua yeye na anayekuja akiitwa. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya mbuzi wawili wa kienyeji, majike, walioachishwa ziwa. Mbuzi jike wa kwetu akikua ni kilo 25 au 30, hujua jina lake, na atamsubiri mtoto mlangoni akirudi skuli. Mbuzi wakikataliwa, sungura majike wawili, tundu lililoinuliwa juu ya ardhi, chini ya mwembe, majani yaliyonyaushwa kwanza. Sungura hafuati mtu kama mbuzi, hilo mwambie tangu mwanzo asije akadhani hapendwi.

Na muoneshe barua hii, hasa pale pa yule wa kikombe cha uji. Ana miaka 10, ataelewa.