Kaa Dukani kwa Mteja Kabla Hujaandika

Kazi yangu ni kuandikia biashara makala za kusomwa na wateja wao. Mzee mwenye duka la matangi ya maji njia ya Kangundo, upande wa Ruai hapa Nairobi, alinijibu makala ya kwanza niliyomwandikia kwa ujumbe mmoja wa sauti: "Mama, umeandika vizuri sana. Lakini huyu mtu unayemwongelesha hajawahi kuja dukani kwangu."

Nilikuwa nimemwandikia maneno 800 kuhusu faida za kuhifadhi maji. Nilieleza kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, kwamba kuna mgao, kwamba mitaa mingine mfereji hukauka siku nyingi za wiki. Yote kweli. Lakini mtu wa Ruai anayenunua maji kwa mtungi hahitaji makala ya kumwambia kwamba maji ni shida.

Kesho yake nilipanda matatu kutoka Kahawa West nikaenda kukaa pale dukani. Mzee alinipa kiti cha plastiki karibu na meza anapoandikia risiti, nami nikatoa daftari. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaondoka saa saba.

Mama mmoja alikuja na kamba yenye fundo. Kutoka mwanzo wa kamba hadi kwenye fundo ndio upana wa lango la ploti yake, na alitaka kujua kama tangi la lita 2,300 litapita. Wakalipima pamoja na mzee, kamba juu ya tangi, na halikupita. Akaja kijana fundi wa kuchomelea, amemhakikishia mteja wake kwamba mnara wa vyuma aliotengeneza utabeba lita 5,000. Mzee hakuinua macho kutoka kwenye risiti: "Lita moja ya maji ni kilo moja. Hiyo ni tani tano, kijana wangu. Mnara wako umeutengenezea tani ngapi?" Kijana alinyamaza, akatoka nje kupiga simu. Wa tatu alikuja kulalamika kwamba tangi lake limepasuka chini. Akaulizwa lilikuwa limekaa juu ya nini. Juu ya mbao mbili na mawe.

Asubuhi nzima, hakuna hata mmoja aliyeuliza faida za kuhifadhi maji.

Makala niliyoandika usiku ule ilihusu mambo manne ya kupima kabla ya kulipia tangi: lango, mnara, sakafu litakapokaa, na njia ya gari la kulileta. Mzee aliipitisha bila kubadilisha neno. Baada ya majuma machache aliniambia watu wanapiga simu wakiwa tayari wamepima lango. Sijui kipimo kizuri zaidi ya hicho cha kazi ya mwandishi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuza kitu kimoja tu, hata kama kwenye ankara naandika "makala". Nauza kusikiliza. Kuandika ni sehemu ya mwisho.

Nawaambia haya kwa sababu kila wiki napata ujumbe kutoka kwa vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii, na wengi huuliza jambo la kwanza: nitoze shilingi ngapi kwa neno? Nilianza vivyo hivyo. Nililipwa shilingi 250 kwa ukurasa na mtu aliyepata kazi kutoka ng'ambo akazigawa kwetu, na sikujua jina la mteja wala anauza nini. Malipo ya kuhesabu maneno yanakufundisha kurefusha. Yanakufundisha pia kuogopa maswali, maana kila dakika ya kuuliza ni dakika ambayo huandiki, na usipoandika hulipwi.

Siku hizi natoza kwa kazi nzima. Nikikubali makala 4 za duka la vifaa, ndani ya bei kuna siku moja ya kukaa pale, nauli, simu kwa wateja wao wawili au watatu, rasimu, na duru 2 za masahihisho. Mteja akisema bei iko juu, napunguza kazi. Badala ya makala 4, tufanye 2 zilizofanyiwa kazi vizuri. Sipunguzi ile siku ya kukaa dukani. Nimeshajaribu kuiondoa ili nimpate mteja, na kila mara niliishia kuandika mara tatu kitu ambacho ningekiandika mara moja.

Kwenye mazungumzo ya kwanza nauliza mambo machache, na nauliza kwa Kiswahili cha kawaida hata mteja akiwa na kadi ya biashara iliyojaa vyeo. Mtu wa mwisho aliyenunua kwako alikuwa nani, na aliuliza nini kabla hajatoa pesa? Nani aliondoka bila kununua, na alisema nini akiondoka? Ni swali gani umechoka kulijibu kwenye simu? Hilo la tatu ndilo linalofungua watu. Mwenye kliniki ya meno aliyekuwa ananijibu kwa mkato aliongea nalo dakika 20 bila kupumua, na mule ndani mlikuwa na makala 6.

Halafu kuna swali ambalo waandishi wengi huona aibu kuliuliza: ni nani atasema "sawa, tumeipokea"? Taja jina. Nimewahi kuandika ukurasa mmoja wa tovuti ambao meneja wa mauzo aliupenda, mhasibu akauona mrefu, mkurugenzi akauona mfupi, na shemeji wa mkurugenzi, ambaye sijui hata alifikiaje, akataka uwe na methali. Kila mmoja alinitumia masahihisho yake. Mwezi mzima ukaisha. Sasa makubaliano yangu yana mstari unaosema maoni yote yatakusanywa na mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye atakayenitumia.

Wateja wa mbali ni tofauti kidogo, maana huwezi kukaa kwenye kiti chao cha plastiki. Nina mmoja wa London anayeuza programu ya kupanga zamu za wahudumu. Nilimwomba anitumie barua pepe 30 za wateja wao walioomba msaada, majina na namba zikiwa zimefutwa. Hilo la kufuta sisitiza hata mteja asipolitaja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya, na wao wana yao kali. Katika zile barua 30 nilikuta maneno ambayo wahudumu wenyewe huyatumia, na hayakufanana hata kidogo na maneno yaliyokuwa kwenye tovuti. Kumbuka pia saa zao hubadilika. Majira ya joto tunawatangulia kwa saa 2, majira ya baridi saa 3, na mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba ndipo watu hukosa mikutano.

Hata na wateja wa hapa hapa, saa inahitaji kuandikwa. Dada mmoja wa Westlands aliniambia kwenye simu, "Nitumie saa tatu." Mimi nikamtumia saa tatu usiku, nikiwa nimeridhika kwamba nimewahi. Alikuwa amefikiria kwa Kiingereza akasema kwa Kiswahili. Kwake ilikuwa saa tisa alasiri, na mkutano wake ulikuwa umeshapita. Sasa naandika siku, tarehe, na "mchana" au "usiku", na naomba anijibu "sawa" kwa maandishi.

Maandishi ndiyo yaliyoniokoa pia kwenye jambo lililoniumiza zaidi katika kazi hii. Kampuni moja ya hapa mjini ilikaa na shilingi 86,000 zangu kwa miezi 5. Kazi waliipokea, wakaiweka kwenye tovuti yao, nikawa naisoma huku nadaiwa kodi ya nyumba. Hatukuwa na mkataba wa karatasi. Kila nikipiga simu niliambiwa anayeweka sahihi amesafiri. Nililia, sitaficha. Kuona maneno uliyoyakesha yakimfanyia mtu biashara huku wewe unakopa unga dukani ni jambo linalouma kwa namna yake.

Rafiki aliyesomea sheria ndiye aliyeniambia kuhusu Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi kwenye mahakama za Milimani, Nairobi, mwaka 2021, inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Nilikusanya ujumbe wote wa WhatsApp na barua pepe. Ulikuwepo mmoja uliosema, "Tumepokea makala zote, asante, malipo ni mwisho wa mwezi." Nikaandika barua ya madai ya ukurasa mmoja: kazi niliyofanya, tarehe nilizowasilisha, maneno yao wenyewe ya kukiri, kiasi, na kwamba nisipolipwa ndani ya siku 14 nitakwenda Milimani. Sikumtukana mtu. Siku ya 11 simu ikalia na ujumbe wa M-Pesa wa sehemu ya kwanza, na zilizobaki zikaingia benki wiki iliyofuata.

Tangu hapo, nusu ya malipo hutangulia. Mteja mpya asiyeweza kulipa nusu, namwombea heri. Na kuna kifungu kimoja nakiweka kwenye kila makubaliano, hata yale ya ukurasa nusu: haki za maandishi zitahamia kwa mteja akishalipa yote. Sheria yetu ya Hakimiliki humchukulia aliyeagiza kazi kuwa ndiye mwenye hakimiliki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukinyamaza, umeshatoa. Mstari mmoja unatosha kukulinda.

Kodi nitaigusa haraka, ila usiiruke. Mara ya kwanza kampuni iliponilipa shilingi 38,000 badala ya 40,000, nilimpigia mhasibu kwa hasira nikidhani nimeibiwa. Kumbe ile 2,000 ilikuwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo kampuni hukata kwenye malipo ya kazi za kitaaluma yanapofika shilingi 24,000 kwa mwezi, na inapelekwa KRA, mamlaka ya mapato, kwa PIN yangu, yaani namba yangu ya mlipa kodi. Dai cheti chake, utakihitaji kabla ya tarehe 30 Juni unapowasilisha ritani yako ya kodi ya mwaka, maana hizo pesa zimeshalipwa kwa jina lako. Kampuni pia zinataka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu bila hiyo hawawezi kuhesabu malipo yako kama gharama. Jisajili mapema. Usisubiri siku mhasibu anapokwambia malipo yako tayari ila ankara haifai.

Watu huniuliza pia kuhusu kuandikia wanafunzi kazi zao za chuo. Mji huu una kazi nyingi za namna hiyo na najua zimelipa karo za watu ninaowapenda. Mimi niliacha, na nakushauri uache. Mbali na kwamba ni kumsaidia mtu kudanganya, hakuna kazi hata moja kati ya zile unayoweza kumwonyesha mteja mwingine ukasema hii niliiandika mimi. Miaka 3 ya jasho, na mkononi huna kitu.

Na mashine zinazoandika? Mteja akiniletea rasimu iliyotoka huko, naipokea kwa heshima, naisoma, kisha namuuliza yale yale maswali yangu. Mara nyingi rasimu hiyo inafanana na ile makala yangu ya kwanza ya matangi: sahihi, safi, na haimjui mama mwenye kamba. Sina haja ya kubishana na mteja. Namwomba asubuhi moja dukani kwake, halafu aziweke rasimu mbili pamoja azisome.

Jambo dogo ambalo limenipa wateja wengi kuliko tangazo lolote: mwezi mmoja baada ya kazi kuisha, nampigia mteja simu. Siombi kazi. Nauliza watu wanasema nini wakipiga, na kama kuna swali jipya limeanza kuja. Wengine hushangaa kwamba mtu aliyekwisha kulipwa anakumbuka. Nusu ya kazi zangu za mwaka huu zilitoka kwenye simu hizo, ama kwa mteja mwenyewe ama kwa mtu aliyemtajia jina langu.

Mzee wa matangi ameniambia sasa wateja wanamuuliza sana kuhusu mifereji ya paa ya kukinga maji ya mvua, na kwamba yeye mwenyewe amechoka kueleza. Jumanne nitapanda matatu ya mapema nifike kabla hajafungua. Kile kiti cha plastiki alishaniambia bado kipo.