Kabla Hujapanda Mti: Kwa Mnaoanza Kazi ya Mazingira Nairobi

Wadogo zangu, wengi wenu mnajiunga na kazi hii mkiwa na hamu ya kupanda miti. Ni hamu njema, lakini nawaomba wiki za kwanza msiguse jembe. Shikeni daftari mtembee. Kutunza mto au msitu huanza kwa kujua unatoka wapi na nani anautegemea.

Anzeni na maji ya bomba. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, ambalo likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Mkulima wa huko akilima hadi ukingoni mwa kijito, mvua hubeba udongo wake hadi bwawani, na gharama ya kusafisha maji hupanda. Ndiyo maana mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi: wanaotumia maji huku chini wachangie, na mkulima kule juu asaidiwe kuchimba matuta na kupanda nyasi za napia. Mtu asiyefaidika na uhifadhi hana sababu ya kuubeba peke yake.

Kisha fuateni mto wenyewe. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hupita mjini, hupokea maji ya mito ya Mathare na Ngong, kisha huingia mto Athi. Tembeeni alfajiri, hasa baada ya mvua ya usiku, kwa sababu anayemwaga uchafu hupenda kujificha nyuma ya maji mengi. Mkikuta bomba linalotoka chini ya ukuta, andikeni tarehe, saa, rangi na harufu, na mpige picha inayoonyesha daraja au jengo la karibu ili mahali pajulikane bila ubishi. Majitaka ya vyoo huwa ya kijivu na hunuka kama yai viza. Mafuta ya gereji hutanda juu yakimetameta rangi nyingi. Vaeni glavu, mchote kidogo kwenye chupa angavu, muiache imetulia mpaka kesho yake. Udongo utatua chini. Maji ya juu yakibaki na rangi, kuna jambo la kuuliza zaidi, na hapo kipimo cha maabara ndicho cha kutegemea.

Daftari hilo lina nguvu kuliko mnavyodhani. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara au madhara. Lakini malalamiko yasiyo na tarehe wala mahali hayafiki mbali.

Ukingoni mtawakuta watu, na hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii hukosea. Kwa miaka mingi kanuni za maji zimetaja ukingo wa kuachiwa mto, wa kati ya mita 6 na 30 kila upande. Baada ya mafuriko ya 2024, nyumba nyingi za kingoni zilibomolewa, mtaa wa Mathare ukiwemo. Mto unahitaji nafasi yake, sikatai. Ila kumbomolea mtu bila kumwonyesha pa kwenda ni kumsukuma tu hadi ukingo mwingine, na mimi siuiti huo uhifadhi. Mama anayelima sukuma wiki kando ya mto msimwendee na amri. Msalimieni, mkae, mmuulize. Yeye anajua lori gani huja usiku na maji yalibadilika rangi lini.

Msitu wa Karura, hapa Nairobi, ni shule nzuri kwenu. Ulitangazwa hifadhi mwaka 1932, na una hekta zipatazo 1,041. Miaka ya 1990 ulianza kumegwa kwa ajili ya majumba, na mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti pale. Ujasiri wao uliuokoa. Kazi ya kila siku ndiyo imeudumisha. Sheria ya misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kuunda vyama na kusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu. Ukaja uzio, ada ya langoni, vijana wa vijiji jirani wakiajiriwa kulinda, na wanawake kuruhusiwa kuokota kuni kavu. Ombeni kuonyeshwa shughuli hizo kabla ya kuonyeshwa maporomoko ya maji.

Sasa jembe. Kando ya mto msipande mkaratusi, unakunywa maji mno. Pandeni mwanzi, au miti ya asili kama mugumo na muiri, masika yakiwa yameshika. Ondoeni mfuko wote kwenye mizizi, na udongo wa juu urudi kwanza shimoni. Kila mche uwe na jina la mtu atakayeumwagilia Januari na Februari, na atakayezuia mbuzi. Mfadhili akitaka miche elfu moja ipandwe siku moja na hakuna bajeti ya kuitunza, mwambieni kwa heshima apunguze miche, na pesa itakayobaki inunue mapipa ya maji na kumlipa mlinzi hadi masika yajayo.